Kurusha setilaiti ndogo kutoka Uganda: Transporter, Kibo na Electron kwa jicho la mteja mdogo

Timu ya chuo au kampuni changa ya Kampala yenye setilaiti ya kilo mbili mezani ina milango mitatu ya kufika angani. Wa kwanza ni kununua nafasi kwenye safari za pamoja za SpaceX ziitwazo Transporter. Wa pili ni kuachiliwa kutoka Kibo, moduli ya Wajapani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wa tatu ni kukodi roketi ndogo nzima, na mfano wake mzuri ni Electron ya Rocket Lab. Tumezipima huduma hizi kwa ajili ya mteja huyo mdogo, wala si kwa shirika la simu lenye mabilioni.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Setilaiti ya kwanza ya timu ipitie Kibo, ya pili ipitie Transporter kwa mkono wa wakala. Electron ni kazi safi, ila haikutengenezwa kwa mfuko huu. Na kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: tukichelewa sisi, itakuwaje?

Transporter

SpaceX ilitangaza huduma hii Agosti 2019 kwa dola milioni 1 kwa kilo 200. Safari ya kwanza iliondoka tarehe 24 Januari 2021 ikiwa na setilaiti 143, rekodi ya wakati huo kwa roketi moja. Baadaye kima cha chini kilishushwa hadi kilo 50, lakini bei ya kilo ikaanza kupanda. Mwaka 2024 ilikuwa dola 300,000 kwa kilo 50 za kwanza na dola 6,000 kwa kila kilo ya ziada. Mwaka 2025 ikawa 325,000 na 6,500. Bajeti iliyopitishwa na seneti ya chuo mwaka juzi ikaguliwe upya kabla ya kusaini chochote.

Kima hicho cha chini ni zaidi ya shilingi bilioni moja za Uganda, na mchemraba wa 1U (setilaiti ya boksi la sentimita kama 10 kila upande; 3U ni matatu yaliyounganishwa) hauzidi kilo 2. Hata wa 3U hauzidi kilo 6. Hakuna atakayelipia kilo 50 ili arushe mbili, ndiyo maana biashara hii inapita kwa mawakala: Exolaunch ya Berlin, ISISPACE ya Delft, SEOPS ya Houston, D-Orbit ya Italia na wengine. Wao hununua nafasi ya kufungia mizigo kwenye roketi, huijaza masanduku ya kuachilia setilaiti, kisha huuza nafasi moja moja. Ukizidisha dola 6,500 kwa kilo 6 utapata dola 39,000, lakini usiende kwa wakala na hesabu hiyo. Sanduku lenyewe lina uzito, kuna kazi ya kupachika, kuna nyaya za kutoa amri ya kufungua, kuna makaratasi, na wakala naye hali hewa. Wengi wao hawaweki bei hadharani, kwa hiyo omba makadirio kwa watatu, kwa vipimo vilevile, wiki moja.

Mfano wa jirani upo. Taifa-1 ya Kenya, mchemraba wa 3U uliotengenezwa kwa ushirikiano na EnduroSat ya Bulgaria, ilipanda Transporter-7 kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023. Mradi wote ulitajwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya. Hali ya hewa iliahirisha safari ile mara kadhaa, na wageni waliokuwa wamealikwa Nairobi kutazama walirudishwa makwao kila mara. Anayeandaa hafla ya waziri asichapishe kadi zenye tarehe.

Tunachokipenda kwenye Transporter ni kwamba haifanyi kama taksi ya Old Taxi Park inayongoja siti ya mwisho ijae. Safari hupangwa mbele, na roketi inaondoka uwepo usiwepo. Tazama mfululizo: Machi 2024, Agosti 2024, Januari 2025, Machi 2025, Juni 2025, Novemba 2025. Pengo moja ni miezi miwili, jingine ni mitano. Kwa hiyo ukikosa safari, usimwambie mfadhili kwamba utapanda inayofuata mwezi ujao.

Hapo ndipo lile swali linapouma. Nafasi ya aliyechelewa hujazwa uzito bandia ili mizani ya roketi isibadilike, na fedha huhamishiwa safari nyingine kwa ada. Tangazo la mwaka 2019 liliitaja kuwa hadi asilimia 10. Lakini wewe una mkataba na wakala, si na SpaceX. Soma kifungu chake cha kuchelewa neno kwa neno. Wapo wanaohamisha malipo yote, na wapo wanaohesabu kila awamu uliyokwisha kulipa kuwa imeliwa. Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko punguzo lolote ulilopewa.

Kuhusu roketi yenyewe hatuna la kulalamika. Falcon 9 iliruka zaidi ya mara 130 mwaka 2024. Julai mwaka huohuo hatua yake ya pili ilivuja oksijeni ya kimiminika na setilaiti 20 za Starlink zikapotea. Baada ya kama majuma mawili ilikuwa imerejea kazini, na Transporter-11 ikaondoka tarehe 16 Agosti. Hakuna mshindani anayeweza kukwama na kusimama kwa kasi hiyo. Vega C ya Ulaya ilianguka Desemba 2022 ikarudi kuruka Desemba 2024, na waliokuwa wamekata tiketi zake walibaki kuhesabu miezi.

Jihadhari zaidi na kipande cha mwisho cha safari. Baadhi ya mawakala huweka setilaiti ndani ya chombo cha usambazaji, ambacho hujitenga na Falcon kisha huzunguka kikiachilia abiria wake mmoja mmoja kwenye obiti (njia za kuzunguka dunia) tofauti. Wazo ni zuri, lakini umeongeza mtambo wa pili unaoweza kufa. Januari 2023, chombo cha kwanza cha namna hiyo cha kampuni ya Launcher kilipanda Transporter-6, kikashindwa kujielekeza kwenye jua, umeme ukaisha, na mizigo iliyokuwemo ikapotea nacho ingawa Falcon ilifanya kazi yake yote. D-Orbit wamefanya safari nyingi na wana rekodi ya kuheshimika. Hata hivyo, kama huhitaji obiti maalumu, omba sanduku linalofunguka moja kwa moja kwenye Falcon. Utakuwa nje ndani ya saa chache, badala ya kusubiri majuma ndani ya chombo cha mtu mwingine huku betri ikishuka.

Kibo

Njia hii Uganda inaijua. PearlAfricaSat-1, mchemraba wa 1U uliotengenezwa na wahandisi Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu chini ya mradi wa BIRDS-5, iliruka kutoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, na ikaachiliwa kutoka Kibo tarehe 2 Desemba pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe na TAKA ya Japani. Safari ile ni somo zima la huduma hii. Siku moja kabla, kengele ya moto kwenye jengo la waongozaji wa chombo cha mizigo cha Cygnus ilifuta urushaji. Ilipoondoka, bawa moja la sola la Cygnus lilikataa kufunguka, na chombo kikafika kituoni kwa bawa moja. Roketi iliyoibeba, Antares ya toleo lile, iliruka mara moja tu tena, Agosti 2023, kisha ikastaafu kwa sababu injini zake zilitoka Urusi na hatua ya kwanza ilitengenezwa Ukraine. Setilaiti ilipona hayo yote kwa sababu ilikuwa mzigo tu, imefungwa kwenye sponji ndani ya mfuko, na si kitu kilichofungwa kwa bolti kwenye roketi. Mtikisiko wa namna hiyo ni wa huruma, na ni faida kubwa kwa timu inayojifunza.

Bei nayo ni ya huruma zaidi. Mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani, tangu mwaka 2015, huwapa washindi kutoka nchi zinazoendelea safari na uachiliaji bila malipo. Kenya iliupitia kwa 1KUNS-PF, iliyoachiliwa Mei 2018, na Mauritius kwa MIR-SAT1 mwaka 2021. Timu hujilipia kutengeneza, kupima, na kuifikisha setilaiti Tsukuba, Japani. Ukikosa ushindi, nafasi za Kibo zinauzwa pia kupitia kampuni kama Space BD.

Unacholipa badala ya fedha ni makaratasi ya usalama. Ndani ya kituo wanaishi watu, kwa hiyo JAXA hupitia usalama wa setilaiti hatua kwa hatua, na betri ndiyo inayokaliwa kooni. Watataka vizuizi vitatu vinavyojitegemea kati ya betri na chochote kinachoweza kuleta madhara, rekodi ya kila seli moja moja, na majaribio ya ombwe na mtikisiko kwa seli hizohizo zitakazoruka, si ndugu zake. Timu inayonunua seli za 18650, zile za lithiamu za umbo la bomba, kwa muuza betri asiyeweza kuonesha zimetoka kiwanda gani itaanza upya. Uzito nao ni mkali: kilo 1.33 kwa kila U, wakati mawakala wa Transporter hukubali kilo 2.

Umri ni mfupi. Ukiachiliwa kwenye kimo cha kilomita kama 400, hewa nyembamba ya huko inakuvuta chini ndani ya mwaka mmoja au miwili, na jua likichangamka ni mapema zaidi. Na kituo chenyewe kimepangiwa kustaafu mwaka 2030, kwa hiyo anayeanza kuchora leo asichukue miaka mitano.

Electron

Tutapita haraka. Roketi yenye urefu wa mita 18, hubeba hadi kilo 300, huruka kutoka Mahia, New Zealand, na Wallops. Bei ya kuikodi yote huzunguka dola milioni 7.5, zaidi ya shilingi bilioni 25 za Uganda. Unachonunua ni uhuru wa kuchagua obiti na siku yako mwenyewe, na kwa mwenye setilaiti ya rada ya kilo 100 uhuru huo una thamani. Imeshafeli mara nne, ya mwisho kati ya hizo Septemba 2023 kwa hitilafu ya umeme kwenye hatua ya pili, na kila mara imerudi. Kwa mchemraba wa kilo mbili ni kukodi lori kwa ajili ya bahasha. Tunaitaja kwa sababu ni mojawapo ya chache zilizosalia hai: Virgin Orbit ilifilisika Aprili 2023, miezi mitatu tu baada ya kupoteza setilaiti tisa kutoka Cornwall, Uingereza, na Astra iliondoka kwenye soko la hisa mwaka 2024. Ukiona kampuni changa inauza nauli nusu ya bei ya soko, uliza imeshafikisha mizigo mingapi kwenye obiti. Jibu likiwa "tunaanza mwakani", funga mkoba.

Ikweta inabadilisha hesabu

Mwongozo mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa wasomaji wa Ulaya, ambako setilaiti ya obiti inayopita karibu na ncha za dunia huonekana mara nyingi kwa siku. Kituo cha kuwasiliana na setilaiti cha Mpoma, Mukono, kiko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Setilaiti ya Transporter, kwenye kimo cha kilomita 525 hivi, itachomoza hapo mara tatu au nne kwa siku, na kati ya hizo mbili hivi ndizo zitakazopanda zaidi ya nyuzi 10 juu ya vilima. Iliyoachiliwa na Kibo itatokea mara nne au tano, hakuna tofauti ya kutisha. Pita moja nzuri ni dakika kama 10. Kwa redio ya biti 9,600 kwa sekunde, hizo ni kama kilobaiti 720 kabla ya kutoa makosa na marudio. Picha moja ya kamera ya kawaida inaweza kula siku nzima. Kabla ya kubishania kamera ya megapikseli ngapi, pigeni hesabu hii ubaoni.

Transporter ina zawadi moja kwa wapiga picha. Obiti yake hufuata jua, maana yake setilaiti hupita juu ya Uganda saa ileile kila siku, tuseme saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwanga haubadiliki, zamu za kituo zinapangika, na ukipata safari ya asubuhi unapita kabla mawingu ya mchana hayajajenga. Omba saa ya kuvuka ikweta iandikwe kwenye makadirio ya wakala, kwa kuwa kila Transporter ina yake.

Mwenye setilaiti ya kukusanya takwimu za vipimo vya mvua au maji mashambani atazame Bandwagon, ndugu wa Transporter aliyeanza Aprili 2024. Hiyo huenda kwenye mwinamo (pembe kati ya obiti na ikweta) wa nyuzi 45 hivi, na Mpoma ingeiona mara tano kwa siku. Obiti ya ikweta yenyewe ingetupa mara 14, kila mzunguko mmoja, lakini hakuna safari ya pamoja ya kawaida inayoiuza. India iliwahi kwenda karibu na huko kwa roketi yake ya PSLV mwaka 2015 ilipopeleka setilaiti ya Astrosat kwenye mwinamo wa nyuzi 6, ila hiyo ilikuwa safari ya mwenye mzigo mkubwa.

Yanayokwamisha

Roketi huchelewesha kwa majuma. Mteja hujichelewesha kwa miaka. Karatasi ya masafa ndiyo ya kwanza. Maombi yanapitia Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, nayo huyapeleka Shirika la Kimataifa la Mawasiliano la ITU. Ukitumia masafa ya redio ya ridhaa ya 435 hadi 438 MHz, kuna uratibu wa IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, juu yake, na lazima kazi ya setilaiti iwe ya ridhaa kweli, si biashara iliyovaa kanzu ya elimu. Anza miaka miwili kabla. Bila leseni wakala hafungi sanduku, hata kama umelipa senti ya mwisho. Wala usidhani ni urasimu mtupu: Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unaibebesha serikali wajibu wa kile raia wake wanachokirusha.

Ya pili ni vipimo vya umbo. 1U ni milimita 100 kwa 100 kwa 113.5, na reli nne za pembeni zenye upana usiopungua milimita 8.5, alumini ya 6061 au 7075 iliyopigwa anodaizi ngumu, yaani utando mgumu wa oksidi. Karakana ya mtaani inaweza kuchonga fremu nzuri, lakini anodaizi huongeza unene, na fremu iliyochongwa kwa kipimo kamili ikitoka kwenye dawa haiingii tena. Mwachie fundi nafasi hiyo kwenye mchoro. Nailoni inayofunga antena hukatwa kwa kipingamizi kinachopashwa moto. Jaribu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa betri iliyoshuka, si mezani kwa umeme wa ukutani. Programu isubiri dakika 30 baada ya kuachiliwa kabla ya kufungua chochote.

Kwenye meza ya mtikisiko, kati ya 20 na 2,000 Hz, yanayolegea ni skrubu zisizo na gundi na viunganishi vya betri. Pima mwitiko wa fremu kabla na baada. Masafa yake ya asili yakihama zaidi ya asilimia 5, kuna kitu ndani kimeachia, ifungue hata kama bado inawaka.

Kisha betri, tena. Kwenye ndege kutoka Entebbe, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuzidi chaji ya asilimia 30, na utadaiwa ripoti ya UN 38.3, majaribio ya usalama wa kusafirisha betri. Chukua seli mbili zenye jumla ya mAh (miliampia-saa) 5,200: asilimia 30 ni mAh 1,560. Swichi zinazoizima setilaiti zikivujisha miliampia 1 tu, zinakwenda mAh 24 kwa siku, na siku ya 65 betri imekauka ndani ya sanduku lililofungwa. Kukabidhi mwezi mmoja kabla na kuahirishwa mwezi mwingine kunakaribia kuiua. Lenga uvujaji chini ya mikroampia 100, upime kwa majuma, na uandike kwenye mkataba kwamba mtachaji mara ya mwisho siku ya kupachika.

Baada ya kuachiliwa

Hapa Kibo inaishinda Transporter waziwazi, na matangazo hayasemi. Kibo huachilia michemraba miwili au mitatu, kila mmoja unajulikana. Transporter humwaga vitu zaidi ya mia ndani ya saa moja na kitu, na Wamarekani wanaoorodhesha vitu angani huchukua majuma kutaja kipi ni cha nani. Katika muda huo huna uhakika antena uielekeze wapi. Dawa yake ni kuchukua taarifa ya nafasi na kasi ya kuachiliwa kutoka kwa wakala, kusikiliza kwa antena pana badala ya Yagi ndefu inayolenga upande mmoja, na kurekodi ishara. Kwenye 437 MHz masafa yatahama kwa takribani kilohezi 10 juu na chini kadiri setilaiti inavyokuja na kuondoka. Mkunjo wa kuhama huko ukilinganishwa na obiti za vitu vyote vilivyoorodheshwa utakaa vizuri kwenye kimoja au viwili tu. Jisajilini SatNOGS, mtandao wa vituo vya kujitolea vya kusikiliza setilaiti, miezi mitatu kabla ili vituo vya mabara mengine viwasikilizie pia. Pita za mwanzo zitakuwa usiku wa Kampala au mchana wa Brazili, na betri haichagui. Mkishaitambua, iandikieni timu ya uorodheshaji namba ya kitu hicho, kwa sababu jirani yako kwenye sanduku lilelile anaweza kuwa ameidai tayari.